Usimwachie kapteni wako neno "ilibidi"

Kwa miaka kadhaa sasa nasoma drafti za watu wanaoandika sai-fai, yaani hadithi za kubuni za sayansi, kwa Kiswahili, wengine marafiki, wengine vijana wananitumia tu kwenye simu niwaangalizie, na naipenda hii kazi kwa kweli, maana kuna kipindi watu walidhani vyombo vya anga na kambi za Mars ni mambo ambayo lugha yetu haiwezi kuyabeba, na sa hivi inayabeba bila wasiwasi. Ila kuna sehemu moja stori nyingi zinalegea na kila mara ni pale pale. Kiongozi, awe kapteni au mkuu wa kituo au mwenyekiti wa baraza, anafika pagumu, anafanya jambo ambalo mwenyewe anajua ni baya, akiulizwa anasema ilibidi. Ilibidi tuwafungie nje. Ilibidi tuwadanganye. Basi, stori inasonga mbele na steringi anabaki steringi.

Hebu litazame hilo neno vizuri. "Nilifunga" ina mtu ndani yake, ile ni- ni mimi hapa, unaweza kunishika shati. "Ilibidi" haina mtu, ile i- ya mwanzo ukimtafuta mwenyewe humpati. Na ina ndugu zake wengi: ikaonekana ni busara, imeamuliwa, maelekezo yametoka juu, hali halisi ikatulazimisha. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara na jua linamchoma anayajua haya maneno. Kazi yako wewe unayeandika ni kumtoa kiongozi wako kwenye "ilibidi" umfikishe kwenye "niliamua", na safari yote ya katikati hapo ndo stori yako.

Ntaeleza ninavyofanya mimi, na ntatumia stori ninayoiandika sasa ili tusiongee hewani tu.

Ni kambi huko Mars, watu 40, mabweni mawili yameunganishwa na mlango mmoja mzito. Mkuu wa kambi ni Kapteni Zuhura, mama wa miaka 44. Kabla sijagusa tatizo lolote najiuliza kwanza huyu mama anathamini nini, na hapa watu wengi wanaandika "alikuwa mpenda haki", neno ambalo msomaji halishiki popote. Tafuta kitu kidogo anachokifanya kwa mikono yake au kwa mdomo wake kila siku. Zuhura kila asubuhi wakati wa chai anasimama mbele ya skrini ya ukutani anasoma namba za hewa kwa sauti, oksijeni kiasi gani, hewa ya ukaa kiasi gani, maji lita ngapi. Hakuna sheria inayomtaka afanye hivo, alianza mwenyewe siku ya kwanza kwa sababu alishawahi kuishi sehemu ambako viongozi walikuwa wanaficha namba. Watu wamezoea, wengine wanatafuna mkate wanasikiliza, wengine hawasikilizi kabisa maana wanamwamini. Hicho ndo kitu atakachokuja kukivunja, kwa hiyo nakiweka ukurasa wa kwanza na wa pili na wa tatu mpaka msomaji naye akizoee.

Sasa pagumu penyewe. Hapa usiwe mvivu, nenda kasome sayansi, kwa sababu sai-fai ina zawadi ambayo stori za kawaida hazina, inaweza kumtenga kiongozi na kila mtu wa kumuuliza, na ikafanya hivo kwa namba za kweli. Ujumbe wa redio kutoka Duniani kwenda Mars unachukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kutegemea sayari zimekaaje, yaani wakati mwingine unauliza swali na jibu linakufikia dakika arobaini na kitu baadaye. Halafu kila baada ya miaka miwili na miezi kidogo Mars inapita nyuma ya Jua kwa mtazamo wetu na mawasiliano yanavurugika kama wiki mbili, kiasi kwamba hata wanaoendesha roboti za kule huwa wanaacha kuzitumia amri kipindi hicho. Wiki mbili bila bosi, bila wizara, bila mtu wa kumpigia. Nilipolijua hilo nilikaa chini nikasema stori yangu inatokea humo humo ndani ya siku 14.

Na kinachoharibika ni mtambo wa kuchuja hewa ya ukaa. Watu wengi wanadhani kwenye chumba kilichofungwa utakufa kwa kukosa oksijeni, kumbe hewa ya ukaa unayoitoa mwenyewe ndo inakuwahi. Hewa ya kawaida inayo kama asilimia 0.04 tu, ikifika 2 au 3 kichwa kinauma, pumzi zinakuwa fupi, usingizi mbovu, akili inakuwa nzito. Kwa mwandishi hii ni dhahabu, kwa sababu ni madhara ambayo mtu anaweza kuyapata bila kujua yanatoka wapi.

Mtambo umebaki na nguvu nusu. Mafundi sita wanahitaji kama wiki mbili kuutengeneza na wanahitaji vichwa vyao viwe safi. Zuhura anaelekeza hewa nzuri bweni A waliko mafundi na zahanati, bweni B lenye watu 18 linapanda mpaka asilimia 2 na nusu. Na anabadilisha namba kwenye skrini. Asubuhi ya pili anasimama kama kawaida, watu wanatafuna mkate, anasoma: hewa ya ukaa, sifuri nukta tano.

Kabla ya kufurahia sini kama hiyo kuna kazi ya kufanya, ziba njia za pembeni, na uzizibe kwa uaminifu. Msomaji wa sai-fai ni fundi moyoni, ukimpa tatizo anaanza kulitatua kabla hujamaliza sentensi, na ana haki, maana historia iko upande wake. Apollo 13, ile safari ya Wamarekani ya kwenda Mwezini mwaka 1970, watu watatu walijibana kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili, hewa ya ukaa ikawa inapanda, vichujio vilivyobaki vilikuwa vya mraba na matundu ni ya duara, wakaunganisha kwa plastiki, kadi ngumu na selotepu kutoka kwenye vitu walivyokuwa navyo humo ndani, wakarudi nyumbani wote. Kwa hiyo ukiandika "hakukuwa na njia nyingine" bila kumwonyesha mtu akijaribu hizo njia nyingine, msomaji atakuona umemlazimisha. Mimi nimeandika kurasa tano nzima za mafundi wakijaribu na kushindwa, na kwanini wasigawane hewa sawa kwa sawa nimelijibu pia: siku ya kwanza waligawana, na fundi mmoja akiwa na kichwa kizito akaunganisha waya siko, akaunguza pampu ya pili. Kosa lile moja ndo linamsukuma Zuhura.

Ila njia moja niliiacha wazi makusudi, ntaifikia.

Kingine, usimrushe kiongozi kutoka mwema mpaka mwongo kwa ukurasa mmoja. Mteremshe kwa ngazi, na kila ngazi iwe fupi kiasi kwamba hata wewe mwandishi ungekanyaga. Mfano mzuri kuliko yote niliyowahi kuona ni kipindi kimoja cha Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya Marekani ya kwenye TV, kinaitwa In the Pale Moonlight, kilirushwa Aprili 1998. Nakielezea kwa urefu kwa sababu kinafundisha hili vizuri mno. Kapteni Sisko yuko kwenye vita ambayo upande wake unashindwa, kila Ijumaa orodha ya waliokufa inabandikwa na watu wanasoma majina ya marafiki. Anataka Waromulan, taifa jingine la huko angani, ambao wana mkataba wa kutoshambuliana na adui, waingie vitani upande wake. Mwanzo anatafuta ushahidi wa kweli kwamba adui anapanga kuwashambulia, nani atamlaumu kwa hilo. Anamtumia Garak, fundi cherehani aliyewahi kuwa jasusi. Watu wa Garak waliotafuta huo ushahidi wanauawa. Basi tutengeneze ushahidi wa uongo. Kwa hiyo tunahitaji mghushi, huyo mghushi amefungwa, tumtoe. Mghushi analewa anamchoma kisu mwenye baa, inabidi sasa kumhonga mwenye baa asishtaki. Kisha tunahitaji kifaa adimu cha kuhifadhia huo uongo, mwenye nacho anataka kemikali ya hatari ambayo hatujui ataitumia wapi, mpe. Mwisho seneta wa Kiromulan anagundua ni feki, na Garak analipua chombo chake ili Waromulan waamini adui ndo kaua. Vita inageuka.

Hesabu hizo hatua. Hakuna hata moja ambapo Sisko amekaa akajiuliza niue seneta au nisiue. Waswahili tulishamaliza, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na waandishi wa kile kipindi bila kuijua methali yetu walifanya kitu kinachofanana nayo ajabu: Sisko anasimulia haya yote kwenye kumbukumbu yake anayoirekodi akiwa peke yake chumbani, na kadiri stori inavyozidi kuchafuka ndivyo anavyozidi kulegeza na kuvua sare yake, mpaka mwisho siyo kapteni tena unayemwona, ni mwanaume tu na glasi mkononi. Kisha anaifuta kumbukumbu yote. Na aliyeshinda ndo yeye! Ndo maana kinauma.

Kwa hiyo kwenye drafti yako andika ngazi pembeni kwenye karatasi, tano au sita, halafu angalia kama kila moja inafuata kwa sababu ya iliyotangulia. Ukiona umeruka, rudi.

Sasa anayelipa. Hapa nina mkazo wangu na sitauficha, naumia sana nikisoma stori inayoua "watu elfu tatu wa koloni la pili" kwa sentensi moja ili kapteni apate sehemu ya kusikitikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na msomaji ndivyo anavyoubeba, elfu tatu wasio na majina hawana uzito. Mmoja mwenye jina anao. Kijana mmoja niliyemsomea drafti yake, kapteni alifunga mlango kuna mzee yuko upande wa pili anagonga, nikamuuliza huyo mzee anaitwa nani, akanyamaza, akasema sijampa jina. Wiki iliyofuata alirudi na jina, na kazi ya mzee, na wimbo mzee anaopenda kuuimba akiosha vyombo, na ile sini ya mlango ambayo alikuwa ameiandika kwa mistari minne ikawa kurasa tatu kwa sababu sasa kapteni alikuwa hawezi kuondoka pale mlangoni haraka.

Kuna hadithi ya zamani ya Marekani inaitwa The Cold Equations, ya Tom Godwin, ilitoka kwenye jarida la Astounding mwaka 1954. Rubani anapeleka dawa kuokoa watu sita, mafuta yamepimwa kwa uzito wake tu, kumbe msichana wa miaka 18 kajificha ndani anataka kwenda kumwona kaka yake. Uzito umezidi, akibaki chombo kitaanguka na wote watakufa. Mhariri John W. Campbell aliirudisha mara kadhaa kwa sababu Godwin kila mara alikuwa anatafuta namna ya kumwokoa msichana na yeye Campbell hakutaka aokolewe. Inauma mpaka leo kwa sababu yule msichana tunakaa naye, anawaandikia wazazi wake barua, anaongea na kaka yake kwa redio dakika chache. Hilo lichukue.

Lakini ukiisoma na jicho la "ilibidi" utaona kitu kingine. Hadithi nzima inasema hesabu ndo zilizoamua, hakuna mwenye kosa. Mimi nauliza nani alituma chombo kisicho na akiba hata kidogo ya mafuta? Kwanini mlango wa kuingilia ulikuwa na kibao tu cha kukataza watu na hauna kufuli? Kwanini hamna aliyekagua ndani kabla ya kuruka? Kuna watu mahali fulani walikaa kikao wakasaini, muda mrefu kabla rubani hajashika usukani, na wao hawamo kwenye hadithi kabisa. Unapoandika yako, rudi nyuma ukawatafute. Kwenye kambi ya Zuhura mtambo wa akiba ulitakiwa uwepo, uliondolewa kwenye mzigo ili kupunguza uzito, na Zuhura mwenyewe alikuwa kwenye hicho kikao na hakupinga. Sentensi moja tu, nimeiweka katikati ya kitabu, na imebadilisha kila kitu.

Kuhusu mazungumzo. Tumia jinsi watu wetu wanavyoongea na wakubwa, maana ndo uovu mwingi unapopitia. Fundi kijana hatamwambia kapteni "unadanganya watu." Atasimama mlangoni atasema "shikamoo mkuu", atazunguka, atasema "mkuu samahani, zile namba za B, labda kifaa kinasumbua?" Na kapteni atajibu "marahaba, nimeliona, tutaliangalia." Wote wawili wamejua, hakuna aliyesema. Funika kombe mwanaharamu apite. Sini ya namna hiyo ikiandikwa vizuri inatisha kuliko bomu, kwa sababu yule kijana sasa amekuwa mshiriki, na heshima yake nzuri aliyofundishwa na mama yake ndo iliyomwingiza.

Na viongozi wenye uongo wa zamani nao waandike. Kuna filamu fupi ya Kenya, Pumzi, ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, watu wanaishi ndani ya makazi yaliyofungwa baada ya vita ya maji, wanaambiwa nje kumekufa, na Asha anapopata udongo wenye uhai baraza linamnyima kibali cha kutoka. Kwa nilivyoielewa mimi, lile baraza huenda lilikuwa na sababu siku ya kwanza, nje kulikuwa kunaua kweli, ila sasa sababu imeisha na wao hawajui namna ya kuacha. Hilo ni eneo zima ambalo waandishi wetu hawajaligusa vya kutosha, jambo la dharura lililogeuka utaratibu.

Sasa deni. Sehemu hii ndo wengi wanaimaliza kwa machozi mawili na hotuba, na mimi nakuomba uifanye kinyume, iweke mwilini na kwenye mazoea ya kila siku. Mjomba wangu aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwetu. Kiangazi kimoja hela ya dizeli ya pampu iliisha, mtu mmoja mwenye uwezo akajitolea kulipia kwa sharti kwamba maji yaanzie upande wa juu anakokaa yeye, mjomba akakubali, na wa upande wa chini miezi mitatu wakachota mtoni. Kijiji hakikukauka, ungeweza kusema alifanya la maana. Hakuwahi kuliongelea. Ila toka mwaka ule alikuwa anaenda msikitini kwa njia ya juu, inayozunguka shamba la mihogo, karibu mara mbili ya urefu, kwa sababu ile ya chini inapita mbele ya kijiwe cha kahawa walipokuwa wanakaa wale wazee wa upande wa chini. Magoti yake yalikuwa mabovu na bado alizunguka, mvua na jua, mpaka alipofariki. Hakuna hotuba ninayoweza kuandika itakayofika pale.

Kwa hiyo mtafutie kiongozi wako njia yake ya kuzunguka. Zuhura wangu ameacha kunywa chai na wenzake. Na kuna droo. Siku ya tano Mzee Salehe, fundi umeme, mkongwe kuliko wote bweni B, anakuja ofisini kwake anashika paji la uso, anasema mwanangu hiki kichwa siku ya tatu hakiniachii. Yeye anafungua droo, anampa Panadol mbili na glasi ya maji, anamsubiri anywe, anasema "pole mzee, jitahidi upumzike." Anajua maumivu yanatoka wapi. Niliandika hiyo sini mara tisa na kila mara nilikuwa naongeza mawazo ya Zuhura, hatia yake, kumbukumbu zake, mwisho nikafuta yote nikaacha vidonge na glasi na namna anavyofunga droo taratibu isipige kelele. Siku ya kumi na moja Mzee Salehe, akili nzito, anasahau kuzima umeme kabla ya kuingiza mkono, anapoteza vidole viwili.

Mtambo unapona siku ya 13. Hakuna aliyekufa. Duniani mawasiliano yanarudi na watampongeza.

Usimalizie hapo. Endelea mpaka aliyelipa na aliyemlipisha wakae chumba kimoja, na hapa ndo inaingia ile njia niliyoiacha wazi. Msomaji makini atakuwa amejiuliza toka mwanzo, kwanini hakuwauliza? Wale watu 18 wangeambiwa ukweli, jamani tunahitaji wiki mbili za vichwa kuuma ili wenzetu watengeneze, huenda wangekubali. Huenda wangegoma wakavunja mlango, Zuhura aliogopa hilo, na hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini hakuwapa nafasi ya kuwa watu wema. Niliandika kitabu chote nikidhani kosa lake ni uongo, kumbe hilo ndo kosa, na nililigundua mzee alipofungua mdomo kwenye drafti.

Sini ni zahanati. Zuhura anaingia, anasema shikamoo mzee. Mzee anaitikia marahaba, mkono umefungwa bandeji, anamwangalia tu. Zuhura ameandaa maneno, anaanza, mzee wangu, hali ilikuwa, ilibidi. Mzee anamkata taratibu, hana hasira.

"Ungetuuliza, mwanangu."

Zuhura anafungua mdomo, anaufunga. Anavuta kiti. Kisha anaanza upya, na sentensi yake ya kwanza inaanza na ni-.